Kipande cha Doti na Misuli ya Paja

Nusura nimpoteze mke wangu kwa sababu ya misuli. Si ile ya mkononi wanayoitunisha vijana wa jim. Hii iko nyuma ya paja, inaanzia chini ya makalio na kuishia nyuma ya goti, na kwa miaka arobaini na saba sikuwa na habari nayo. Leo naandika nimetulia. Mke yumo jikoni, nasikia sufuria zake, na mimi nikitaka kuinama nainama. Wakati ule sikuwa na la kucheka hata moja.

Mimi ni fundi cherehani hapa Temeke. Cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka la Mwarabu mmoja, duka alilolifungua babu yake. Yeye anauza unga, mchele, dagaa na kanga, mimi nashona. Kazi yangu kubwa ni hizo kanga. Mwanamke akinunua doti inakuja imeungana, kitambaa kimoja kirefu. Mimi nakata katikati, napinda ncha, namrudishia vipande viwili, kimoja cha kujifunga na kimoja cha kujitanda. Watu hudhani fundi wa kanga ndiye msomaji mkubwa wa maneno yaliyoandikwa juu yake. Wapi! Ukiyaona mafumbo yale kutwa, mwaka hadi mwaka, macho yanaacha kuyasoma. Mimi naangalia pindo tu kama limenyooka. Ujinga huo uliniponza, nitaufikia.

Maumivu yalinianza siku mkasi uliponidondoka. Niliinama kuuokota, kiuno kikanishika, nikabaki vile vile, mkono mmoja kwenye cherehani, mwingine chini, huku mteja akingoja akidhani namtafutia kishikizo. Nilipofanikiwa kusimama jasho lilikuwa linanitoka. Nikasema nimeteleza. Toka siku hiyo kiuno kikawa na tabia yake. Asubuhi kinakataa kuamka, mchana kinavumilia, jioni nikinyanyuka kwenye kiti kinanirudisha chini.

Sikumwambia mtu. Na hapa lazima nieleze, maana asiyeishi mitaa yetu ataniona mpumbavu. Kuna muuza dawa anayepita na kigari chake na kipaza sauti, na tangazo lake watoto wote wanalijua: "Mgongo! Kiuno! Nguvu za kiume! Baba, mama analalamika, wewe unajifanya umechoka na kazi!" Anavitaja vyote vitatu kwa pumzi moja. Wanawake wa pale gengeni wanacheka mpaka nyanya zinawaanguka, halafu wanaanza kuangalia mwanaume gani kapita ameshika kiuno. Kwetu mwanaume akisema mgongo unamuuma, hakuna anayemuuliza habari za mgongo. Nikaapa kwamba neno hilo halitatoka kinywani mwangu, na hasa halitafika kwenye sikio la mke wangu.

Basi nikaanza maisha ya ujanja. Viatu vya kamba nikaviacha, nikawa mtu wa kandambili. Msikitini kwenye rukuu nilikunja magoti kidogo nikidhani jirani haoni. Ndoo ya maji niliikwepa kwa kujitia nina simu. Kitandani godoro lilinitesa, nikahamia kwenye jamvi sakafuni, nikamwambia mke wangu ni joto.

"Joto la mwezi wa saba?" aliniuliza.

"Mie nasikia joto."

Alivuta shuka akajifunika mpaka kichwani, na mimi nikaona nimeshinda.

Mwaka ukapita hivyo. Aliyenigundua ni Mwarabu wa duka. Siku moja aliniomba nimshikie ncha ya gunia, nikaanza kueleza kwa nini siwezi, akanikatiza.

"Fundi, wewe unaumwa. Mie nakutazama kila ukinyanyuka kwenye hicho kiti, unapanda kwa mafungu. Mie mwenyewe yalinikuta. Nenda hospitali ya serikali, kuna chumba cha mazoezi ya viungo. Usipeleke hela yako kwa yule wa kipaza sauti."

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Nenda."

Nikaenda siku ya Jumanne, nikamdanganya mke wangu kwamba nafuata uzi Kariakoo. Aliyenipokea alikuwa binti mwenye lafudhi ya bara, mdogo kiasi cha kuwa mwanangu. "Shikamoo baba. Nini kinakusumbua?" Nikamwitikia, kisha nikataja mgongo kwa sauti ya chini huku nikiangalia mlango. Akaniuliza kama miguu inakufa ganzi, kama haja ndogo inatoka vizuri, kama niliwahi kuanguka, kama nimepungua mwili bila sababu. Yote nikajibu hapana, nikisubiri lile swali la kigari. Halikuja. Mwishowe nikashindwa kuvumilia.

"Daktari, na yale mambo mengine?"

"Mambo gani, baba?"

"Ya nyumbani."

"Kwani yana shida?"

"Hayana."

"Basi tuyaache huko huko nyumbani. Panda kitandani."

Nililala chali. Akaniambia nilegeze mguu, akaushika kisigino, akaunyanyua huku goti limenyooka. Uliondoka kitandani kama shibiri mbili, ukagoma. Nyuma ya paja pakavuta mpaka nikauma meno. Akajaribu wa pili, hali ile ile. Halafu akapanda kitanda cha pembeni na suruali yake ya kazi, akalala, akanyanyua mguu wake mwenyewe mpaka unyayo ukaangalia dari, ili nione mguu wa mtu unavyopaswa kwenda. Nilitazama pembeni kwa adabu, lakini nilikuwa nimeshaona.

"Unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani. Nakaa toka saa mbili asubuhi mpaka magharibi."

"Umekunja magoti kutwa nzima. Hii misuli ya nyuma ya paja imezoea kuwa mifupi. Imeshikilia hapa, kwenye mfupa unaokalia. Sasa ukiinama, nyonga ndiyo ilitakiwa ipinde, lakini imeshikwa haipindi vizuri. Kiuno kinapinda peke yake, kinafanya kazi ya wawili."

"Kwa hiyo mgongo wangu haujaoza?"

"Siwezi kukuambia miguu ndiyo sababu yote, baba. Wapo watu miguu imekaza na mgongo hauwaumi. Wewe naona vinakwenda pamoja. Na dalili mbaya sijaziona."

Sijui kama binti yule alielewa alichonipa. Mwaka mzima nilikuwa nimejiandalia mambo ya kutisha, uti wa mgongo kukatika, figo, kulemaa, na lile la muuza dawa juu yake. Nilitoka pale nikanunua muwa uliokatwakatwa, nikautafuna njia nzima huku nikimsalimia kila mtu, hata nisiyemjua.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi ya kuudhi. Kulala chali, kupitisha kitambaa kirefu kwenye unyayo, kuvuta mguu juu ukiwa umenyooka mpaka uvute lakini usiume, kuushikilia na kuhesabu hadi thelathini bila kudundadunda. Kila mguu mara tatu, kila siku. Katikati ya kazi ninyanyuke kwenye kiti nitembee. Na kila Jumanne nirudi kwake. "Kitambaa tumia kanga," alisema, "hata ya mama."

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na ni kosa la kifundi. Nyumbani nilifungua sanduku la mke wangu nikachukua kipande kimoja cha doti mpya, niliyoikata na kuipinda kwa mkono wangu mwezi uliotangulia. Ilikuwa ya harusi ya mpwa wake. Nilijisemea kwamba kipande cha pili kipo, naye hatakosa cha kuvaa. Mimi ninayekata doti kila siku nilisahau kwamba nikishavikata vile vipande viwili, wenye doti hawavitenganishi tena. Mwanamke wa pwani anayo doti au hana. Kipande kimoja ni cha kubebea mtoto au cha kupigia deki.

Mazoezi sikuyafanyia nyumbani. Mwarabu aliniruhusu kutumia stoo, nyuma ya magunia ya unga. Kila siku baada ya swala ya alasiri nilifunika cherehani, nikaingia stoo, nikatandika gunia tupu, nikalala na kanga ya mke wangu mguuni. Wiki ya kwanza miguu ilitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Wiki ya tatu nilihisi kitu kimeachia. Wiki ya tano nilidondosha chaki, nikainama, nikaiokota, nikasimama, na ndipo nikagundua nilichokifanya. Nikaidondosha tena makusudi. Mwarabu alitoka dukani akanikuta naokota chaki na kuitupa, kuitupa na kuiokota, na machozi yananilenga. Alirudi ndani.

Sasa mtazame mke wangu upande wake. Mume kahama kitandani. Kila Jumanne anafuata uzi Kariakoo na uzi hauonekani. Anarudi jioni na unga mgongoni, akiulizwa anasema alimsaidia Mwarabu kupanga magunia, yeye ambaye ndoo ya maji imemshinda. Kipande cha kanga mpya kimetoweka sandukuni. Na kibaya kuliko vyote, mume ameanza kupendeza. Anatembea kifua mbele. Anapiga mluzi akioga. Viatu vya kamba vimerudi, tena vimepigwa rangi. Mtu mzima anayenyooka ghafla, ananyooka kwa ajili ya nani?

Alikuja kunitafuta siku moja alasiri. Mimi nilikuwa hatua tano tu kutoka alipo, nyuma ya magunia, mguu juu. Nilisikia kila neno.

"Mume wangu yuko wapi?"

"Katoka kidogo mama, atarudi sasa hivi."

"Kaenda wapi?"

"Sijui, mama." Mwarabu hajui kudanganya. Nilimsikia anaanza kumpimia sukari ambayo hakuomba. Mke wangu aliondoka bila sukari, nami nikabaki nimeshikilia mguu mpaka nikapoteza hesabu.

Baadaye Mwarabu alinifuata pale kwenye cherehani. "Fundi, mkeo leo kajitanda kanga imeandikwa 'Nimeyaona nimenyamaza'. Umemfanya nini?"

"Kanga ni kanga tu."

"Juzi alivaa 'Siri yako ni mzigo wako'."

"Wewe una muda wa kusoma nguo za wake za watu?"

Alinitazama kwa huruma. Alikuwa ananiokoa, na mimi nikamjia juu. Mke wangu alikuwa amenisemesha kwa wiki mbili, asubuhi na jioni, kwa maandishi makubwa ya rangi, na mimi nilikuwa nakagua pindo.

Siku ya Ijumaa nilirudi nyumbani alasiri nikakuta viatu vya watu mlangoni. Ndani alikuwa kaka yake mkubwa, mtu wa maneno machache aliyetoka Mabibo ambako ana banda la kuuzia vitunguu, na shangazi yake, mama mtu mzima aliyetulelea ndoa hii toka siku ya kwanza. Mke wangu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa chumbani. Nyuma yake niliona begi, limefungwa. Nikamwamkia shangazi, akaitikia kwa sauti ya msibani.

"Shemeji, kaa," alisema kaka mtu. "Tumeitwa. Dada yangu anasema umeoa."

"Nimeoa? Nimemwoa nani?"

"Hilo utatuambia wewe. Yeye hakatai, sheria inakuruhusu. Anachouliza ni kwa nini kwa kujificha. Na anaiulizia kanga yake."

"Mwanangu," shangazi aliingilia, "hata kama umempata mwenzie, ndiyo umpelekee kipande? Mwanamke gani huyo anayehongwa kipande?"

Niliona njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kusema uongo mwingine, na niwe mkweli, mdomo wangu ulishafunguka kuusema. Kisha nikaliangalia lile begi. Ni begi alilokuja nalo siku ya harusi yetu, zipu yake nimeibadilisha mwenyewe mara mbili. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wangu wa kazi nikaitoa kanga, imekunjamana, katikati ina alama nyeusi ya unyayo wa mtu mzima, na unga kila mahali.

"Naumwa mgongo," nilisema.

Nikaona nimalizie. Nikalala chali kwenye mkeka mbele ya shemeji yangu na shangazi wa mke wangu, nikapitisha kanga kwenye unyayo, nikavuta mguu juu. Nikahesabu kwa sauti mpaka thelathini. Sikuruka namba hata moja. Nikabadilisha mguu. Huku nikivuta nikawaeleza yote, hospitali, binti wa bara, stoo, Jumanne, muuza dawa na kipaza sauti chake.

Wa kwanza kucheka alikuwa kaka mtu. Alijizuia, akashindwa, akatoka nje akaushika mlango kwa mikono miwili. Shangazi alijifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Mficha maradhi kilio humuumbua," alisema, "wewe umeumbuliwa na kanga. Mshukuru Mungu." Nami nilicheka pale chini, mguu juu, kwa sababu mzigo wa mwaka mzima ulikuwa umenitoka na hakuna dari iliyoniangukia. Sijawahi kuona raha ya aina ile. Waliondoka kabla ya magharibi, kaka mtu bado anacheka njiani, tukimsikia.

Mke wangu hakucheka. Alibaki kwenye kigoda chake, begi nyuma yake.

"Angekuwa mwanamke, ningejua pa kuanzia," alisema. "Ningegomba, ningelia, ningerudi kwetu. Lakini mwaka mzima umelala hapo chini, nikinyoosha mkono nakugusa, unaumwa, mie unaniambia joto. Mwarabu anajua. Mtoto wa watu huko hospitali anajua. Kwani mie ni nani humu ndani?"

"Niliogopa utanidharau."

"Ulipoumwa kipindupindu nani alikuwa anakufulia mashuka?"

"Wewe."

"Nilikudharau?"

Nilikumbuka zile siku, na sikuweza kumtazama. Nikamwomba radhi. Si ile radhi ya haraka ya kumaliza maneno, nilimwomba nikiwa nimekaa sakafuni na yeye yuko juu yangu, na nikamwomba mara ya pili. Mke wangu akanyanyuka, akalisogeza begi kwa mguu mpaka chumbani, akarudi.

"Lala nione vizuri hicho unachokifanya."

Nikalala. Akanishika kisigino yeye mwenyewe, akausukuma mguu, akahesabu. Alihesabu kwa haraka mno, nikamwambia, akapunguza. Mkono wake ulikuwa na joto. Tulipomaliza miguu yote miwili alisimama juu yangu kidogo, anafikiri.

"Haya, toka hapo."

Nilidhani anataka kukunja mkeka. Badala yake alishika ukuta, akakunja magoti taratibu, akaketi, halafu akalala chali kwa mafungu, kipande kwa kipande. Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na mbili na sikuwahi kumwona anavyolala chini.

"Na wangu," alisema.

Nilimshika kisigino nikaunyanyua. Haukufika hata shibiri moja. Alifumba macho akageuzia uso ukutani, na kutoka shavuni mpaka shingoni nikaona namna alivyojikaza asipige kelele.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu nilipomzaa huyu wa mwisho."

Huyu wa mwisho yuko kidato cha pili. Nilikaa pale nimeshika mguu wa mke wangu, nikivuta kamasi, naye akaniwahi, macho bado ameyafumba.

"Usianze kulia," alisema. "Hesabu."